Damu Iliyoganda Nyuma ya Magunia

Kama unasoma haya huku umeshika kitambaa mdomoni, na kabla ya kukohoa unaangalia kwanza nani yuko karibu, basi wewe ndiye ninayekuandikia. Mimi sasa napumua. Sipumui kama zamani, lakini kilima cha kwenda kanisani nakipanda kwa kusimama hapa na pale, na nikifika juu naweza kusalimia watu. Kwa hiyo kaa tuzungumze polepole. Nitakueleza ya mwili, na ya aibu pia, kwa sababu kwangu mimi aibu ilikaribia kuniua kabla ya mapafu.

Nilizaliwa kijiji cha Daudi, kule juu Mbulu, kwenye baridi na viazi. Nilipoolewa na Boay tulishuka Hanang, wakati serikali ilipokuwa inalima ngano kwenye tambarare, mashamba ambayo ukisimama upande mmoja huoni mwisho wake. Boay alipata kazi ya kuendesha trekta. Mimi nilipata kibarua ghalani. Tulijenga Gendabi, nje ya shamba, jirani na mji wa wafugaji wa Kibarbaig. Mama wa mji ule, Mama Gidamis, tulikuwa tunalingana umri, na alipenda kunicheka kwa jinsi ninavyoogopa ng'ombe wake.

Kazi yangu ilikuwa kushona midomo ya magunia na kufagia sakafu. Vumbi la ngano halianguki chini kama vumbi la barabarani. Linaelea. Jua likiingia mlangoni unaliona limesimama hewani, nawe umo ndani yake. Jioni nilirudi nyumbani kuinama juu ya kuni mbichi kwenye nyumba isiyo na dirisha. Basi mapafu yangu yalikuwa na zamu mbili, mchana vumbi na usiku moshi.

Nilianza kukohoa msimu wa mavuno, ule wa upepo mkali wa baridi. Mvua zilipokuja kikohozi kikatulia. Mwaka uliofuata mvua zilikuja, chenyewe kikabaki. Nilikuwa natema makohozi mazito kila asubuhi, kikombe cha bati kinajaa, na nilikuwa nakimwaga mbali nyuma ya zizi kabla watoto hawajaamka. Ncha za vidole vyangu zikanenepa, kucha zikapinda kama mgongo wa kijiko. Nikawa nasalimia watu mikono ikiwa ndani ya kanga, jambo ambalo kwetu ni utovu wa adabu, na nilijua hivyo, na niliendelea.

Kisha ikaja damu. Siku hiyo nilikuwa nimeshika ufagio, nikakohoa kwenye pindo la kanga, nikaona wekundu. Nililikunja lile pindo haraka kama mtu aliyeiba.

Zahanati walipima makohozi kuangalia kifua kikuu. Hawakukiona. Mganga aliniambia hivyo kwa sauti kubwa, na mimi nilitamani aseme kwa sauti kubwa zaidi, watu wa nje wasikie. Ghalani nilikuta kikombe changu cha chai kimewekwa dirishani peke yake. Hakuna aliyenitukana. Walikiweka tu pale.

Mwaka huohuo binti yetu Paskalina alipata mchumba. Emanueli alikuwa fundi kijana wa karakana ya shamba, mtaratibu, na wazazi wake walikuwa watu wa Nambis, wakulima wenye jina zuri kanisani. Walituma habari kwamba watakuja kuzungumza. Boay alifurahi. Mimi nilihesabu kikohozi changu.

"Watanisikia," nikamwambia.

"Wakusikie. Kwani wewe ni siri?"

"Baba Paskalina, nani atachukua mke kwenye nyumba ambayo mama anatema damu? Watasema ni ya ukoo."

"Zahanati walisema siyo kifua kikuu."

"Zahanati haitaoa. Waambie nimekwenda Daudi kumwangalia mama."

Akanitazama. "Na wewe utakuwa wapi?"

"Nyuma ya magunia."

Hapa nikueleze jambo la kwetu, maana bila hilo hutanielewa. Zamani, nyumba iliyopatwa na jambo zito, kifo cha namna fulani au balaa la damu, ilijitenga. Watu wa nyumba ile hawakwenda kisimani na wenzao, na wengine hawakukanyaga uani kwao, mpaka wazee waseme sasa yatosha. Wazazi wangu waliacha hayo walipobatizwa. Mimi sikuyaona kwa macho, niliyasikia tu kwa bibi. Lakini damu ilipotoka kinywani mwangu, nilifanya kama bibi. Hakuna aliyeniamuru. Nilijitenga mwenyewe, na kwa kuwa hakukuwa na mzee wa kusema yatosha, haikwisha.

Nilianza na siku ya wageni tu. Lakini ukishasema mtu yuko Daudi, hawezi kuonekana kesho kwenye njia ya kisima, tena Emanueli alikuwa anapita kwetu kila akitoka kazini. Basi nikabaki ndani, chumba cha nyuma tunapoweka mahindi, nimekaa kwenye kigoda, mgongo kwenye magunia. Nilikaa mvua zote za kwanza. Usiku nilitoka kujisaidia, nikarudi. Sikupika wala sikuchota maji.

Maji akachota Boay. Mtu mzima, dereva wa trekta, na ndoo. Wanaume walimngoja njiani.

"Boay! Siku hizi wewe ndiye umeolewa?"

"Ndiyo," akawajibu, "na mume wangu ni mkali, nipisheni."

Alinisimulia akicheka, lakini alipoweka ndoo chini niliona shingo yake imekaza. Nilishindwa kumtazama.

Mama Gidamis hakudanganyika hata siku moja. Alisikia kikohozi kupitia ukutani. Akawa anapita nyuma ya nyumba na kusema na ukuta: "Hujambo wewe uliye Daudi? Huko Daudi kumenyesha?" Siku moja alisukuma kibuyu kidogo kwenye tundu la ukuta. Ilikuwa damu ya ng'ombe iliyochanganywa na maziwa, wanavyompa mgonjwa aliyepoteza nguvu. "Kunywa, urudishe ile unayotema." Kanisa letu lilikataza. Nikakirudisha, nikashukuru, nikalia.

Mguu wa kushoto ulianza kuuma kwenye kigimbi. Nilidhani ni baridi ya sakafu. Ukavimba, mmoja tu, ukawa wa moto na ngozi inang'aa. Mwenzangu, hapa nasimama kidogo. Mguu mmoja ukivimba na mwingine uko vilevile, usikandwe, usifungwe kwa kitambaa, usingoje. Nenda hospitali. Mimi niliufunika kwa kanga. Nilikuwa nimezoea kufunika.

Wageni wa Nambis walikuja mara ya pili, baba yake Emanueli, Mzee Tluway, na mkewe na jamaa zao. Niliwasikia wakivua viatu mlangoni. Nilisikia Paskalina akisema shikamoo, shikamoo, kwa kila mmoja. Nilibana kikohozi. Kila kilipopanda nilimeza mate nikalishika gunia. Mama yake Emanueli akauliza, "Mama yenu hajarudi tu? Huyo bibi wa Daudi anaumwa sana?" Boay akajibu, "Sana, mama." Alikuwa hajui kusema uongo, maneno yalitoka kama ya mtoto wa shule anayesoma ubaoni.

Nikainuka kidogo kunyoosha mguu ule. Ndipo ikanichoma ubavuni, chini ya ziwa, kama mtu amenitia sindano ya kushonea magunia. Nilivuta hewa, haikuingia. Nikavuta tena. Nilishika gunia la juu nikaanguka nalo, na debe la mbegu likaanguka juu yetu kwa kelele ambayo nadhani ilisikika mpaka shambani.

Mlango ukafunguliwa. Nilimwona mama yake Emanueli kwanza, amesimama na mwanga nyuma yake, mimi niko chini kwenye mahindi na damu kidevuni.

"Huyu ni nani?" akauliza.

Paskalina ndiye aliyesema, taratibu: "Ni mama."

Yule mwanamke alinishika kwapani akaniinua, akanikalisha, akanifuta mdomo kwa kanga yake mwenyewe, nzuri, ya wageni. Afadhali angenitukana. Emanueli alikimbia kuomba landrova ya shamba.

Hospitalini, benchi la kusubiri lilikuwa refu, na watu walisogea kunipisha, nusu kwa huruma, nusu kwa hofu. Nilijua ile nusu ya pili, nikatazama sakafu. Mzee mmoja wa kifua kama mimi aligonga ubao kando yake. "Njoo ukae hapa, mama. Mimi pia nanguruma. Tutapokezana." Nilikaa. Tulipokezana kweli. Hiyo ni rehema ya kwanza ninayoikumbuka.

Daktari alikuwa mtu wa maneno machache aliyeyasema mara nyingi mpaka uelewe. Alinipiga picha ya kifua, akapima mguu wangu kwa kamba, akaupima na wa pili.

"Mama, ulikuwa umelala muda mrefu?"

"Nilikuwa nimekaa."

"Umekaa wapi?"

Nikamwambia. Nilitazamia anicheke, hakucheka. Akanieleza, na mimi nakueleza wewe kama nilivyoelewa, siyo zaidi. Mapafu yamefumwa kwa mishipa ya damu, mingine myembamba kuliko nywele. Vumbi na moshi wa miaka vinachubua njia za hewa, na mishipa iliyo karibu nayo inadhoofika, mmoja ukipasuka unatema damu. Sasa, ndani ya damu kuna chembe ndogo sana, wanaziita chembe sahani. Kazi yake ni kukimbilia penye jeraha na kushikana ili kuziba. Ni chembe njema. Bila hizo mkwaruzo mdogo ungekumaliza. Lakini kwa mtu ambaye mapafu yake yana uchungu wa kudumu, chembe hizi hazipumziki, zinakaa tayari kushikana wakati wote. Mtu huyo akikaa bila kutembea, damu inatulia miguuni, na chembe zilizo tayari zinapata nafasi. Damu inaganda ndani ya mshipa mahali pasipo na jeraha. Kipande kikikatika kinapanda mpaka kwenye mapafu na kuziba njia.

"Kwa hiyo ni kule kukaa?" nikauliza.

"Ugonjwa ulikuwepo. Kukaa kuliupa nafasi."

Alisema kwa upole, lakini yalinipiga mahali pake. Nilikuwa nimejificha ili nisimharibie binti yangu, na kule kujificha kuliharibu vyote viwili, uchumba wake na mwili wangu.

Usiku ule nilimkumbuka Mama Gidamis. Nilishawahi kuona wanavyotoa damu ya ng'ombe. Wanafunga kamba shingoni, mshipa unatuna, wanapiga kwa mshale mfupi, damu inaingia kibuyuni. Kamba ikifunguliwa, jeraha linajiziba lenyewe na ng'ombe anakwenda kula majani. Nikajisemea, hizo ndizo zile chembe. Lakini ile ya kibuyuni hawaiachi ikae. Mtu anaikoroga kwa kijiti papo hapo, bila kuacha, nyuzi zinajizungusha kwenye kijiti, na inayobaki haigandi. Ikiachwa kidogo tu, inakuwa kama ini. Asubuhi nilimweleza daktari. Alicheka, akasema ndani ya mtu mambo hayaendi hivyo hasa, ila kama kibuyu kitanisaidia kutembea, basi nikishike.

Nilipigwa sindano tumboni mpaka tumbo likawa na madoa ya bluu na njano. Kisha vidonge vya kuzuia damu kuganda, na kila mara kurudi hospitalini kupimwa damu, isiwe nzito wala nyepesi mno. Vidonge hivyo ni vya kuheshimiwa, usivichezee. Fizi zangu zilitoka damu nikipiga mswaki. Siku moja nyumbani nilijikata kidogo nikimenya kiazi, na damu ikachuruzika mpaka Paskalina akalia. Nilibana kidole kwa kitambaa, nikangoja, ikakoma. Nilimwambia, "Zile chembe zinakuja, zimechelewa tu." Tulicheka wote wawili, kwa mara ya kwanza tangu siku ya debe.

Kwa maana Nambis walikuwa kimya. Nilitoka hospitali mvua kubwa zikiisha, ngano imeshaota, na hakuna aliyekuwa amekuja. Emanueli bado alipita, akasalimia, akaondoka ametazama chini. Paskalina hakunilaumu. Alinisukia nywele, akanipikia uji, na kila fadhila yake ilinichoma. Daktari alikuwa ameniagiza nitembee kila siku, nje, barabarani. Kila asubuhi nilifika mlangoni, nikafikiria macho ya watu, nikarudi kukaa.

Mama Gidamis alikuja, safari hii kwa mlango wa mbele. Nilimweleza yote, chembe na mshipa na kibuyu. Alisikiliza mkono kwenye shavu.

"Kwa hiyo," akasema, "wewe unataka kukorogwa."

"Ndiyo hivyo."

"Na unakaa hapo unaganda. Inuka."

"Mama Gidamis, watu wataniona nasimama kila hatua kama ng'ombe mzee."

"Ng'ombe mzee namheshimu kuliko ini. Inuka nikakukoroge."

Tulianza. Kwanza mpaka zizini kwake. Kisha mpaka kwenye mti wa mgunga. Kisha barabara kubwa, ambako magari ya ngano yanapita na madereva wote wananijua. Nilipumua kwa mdomo, nilitema kwenye kikopo chenye mfuniko nilichopewa hospitalini, na kila nilipotema nilisikia uso unawaka. Watoto walinitazama. Mwanamke mmoja wa ghalani alivuka upande wa pili. Sitakwambia kwamba ilizoeleka. Jasho la aibu lilikuwa lilelile kila asubuhi. Lakini uvimbe wa mguu ulipungua, na hewa ikashuka chini zaidi kifuani kuliko jana.

Ni barabarani hapo ndipo mama yake Emanueli aliponikuta. Alishuka kwenye lori, ana kikapu cha viazi. Nilitaka kugeuka, lakini kwa pumzi zile ningegeuka niende wapi?

"Hujambo, mkwe," akasema. Mkwe. Nilishika mkono wa Mama Gidamis.

"Sijambo. Mama, naomba unisamehe kwa siku ile. Nilikuwa naogopa mtamkataa Paskalina kwa kikohozi changu."

Aliweka kikapu chini. "Kikohozi? Baba mkwe wangu alikohoa mpaka akafa, mimi ndiye niliyemmwagia kikombe. Kikohozi tunakijua. Tulichokaa tukikizungumza kule Nambis ni kingine. Tulijiuliza, watu hawa wakiumwa wanafichana. Tukimchukua binti yao, akiumwa kwetu, atatuambia? Au tutamkuta siku moja chini, kwenye mahindi?"

Kikohozi kikanijia, kirefu, mbele yake, na nikakohoa chote. Nikafungua kikopo nikatema. Ilikuwa na uzi mwembamba wa damu. Sikukifunika.

Aliangalia ndani ya kikopo, halafu akaniangalia usoni. "Ni ile ile?"

"Ni ndogo sasa. Daktari anajua. Nikitema nyingi natakiwa kwenda siku hiyohiyo."

"Sasa hapo umeniambia," akasema. Akainua kikapu. "Nyumbani ni mbali? Twende. Ila mimi sitembei taratibu hivyo, mtanisamehe."

"Utajifunza," Mama Gidamis akamjibu.

Paskalina aliolewa baada ya mavuno, upepo wa baridi ukiwa bado unavuma. Kutoka kwetu mpaka kanisani ni kilima kile. Boay alitaka kuniazimia gari la shamba, nikakataa. Nilitangulia mbele na Mama Gidamis, bibi harusi nyuma yetu, kisha wanawake wa kwaya na watu wa Nambis wote. Kila niliposimama, wote walisimama. Wimbo ulikatika, ukaanza, ukakatika tena. Nilitazama chini. Aibu ilikuwepo, sikudanganyi, ilikaa kifuani pamoja na mengine yaliyomo.

Katikati ya kilima nilisimama kwa muda mrefu, nimeinama, kikopo mkononi. Kijana mmoja wa nyuma kabisa akapaza sauti: "Jamani, huko mbele kuna nini? Mbona hatuendi?"

Sikuwa na pumzi ya kumjibu. Mama Gidamis hakugeuka hata.

"Tulieni!" akasema. "Tunakoroga."

Nikafunga mfuniko, nikanyoosha mgongo. Nyuma yangu nilimsikia mama yake Emanueli akianza kucheka, kisha Paskalina, kisha wimbo ukaanza upya. Tukapanda.